Kava ya Gemu ya Kutisha Dukani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya yule anayetengeneza gemu peke yake au na wenzake wawili watatu, hana idara ya matangazo, na gemu yake ni ya kutisha. Mimi mwenyewe ni wa kundi hilo. Kava, yaani ile picha ndogo inayoiwakilisha gemu dukani, yangu ya kwanza ilikuwa mbaya sana; habari zake ziko huko chini.

Kava ina kazi gani hasa?

Kumfanya mtu aseme "tega".

Anayetega kitendawili hatoi jibu. Anasema "Nyumba yangu haina mlango", ananyamaza, na kichwa chako kinaanza kutafuta bila kutumwa. Kava ya gemu ya kutisha inafanya kazi hiyohiyo, na kubofya ndiko kusema tega. Wengi wanaharibu hapa: wanataka kava yenyewe itishe. Picha isiyosogea, isiyo na sauti, yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, haimtishi mtu. Kutisha iachie gemu. Kava iache mtu na swali moja ambalo hawezi kulijibu bila kufungua ukurasa.

Gemu yangu ni nzuri. Kwa nini nihangaike na picha moja?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tunavyoambiana. Lakini dukani kizuri na kibaya vyote vimetiwa kwenye visanduku vya ukubwa uleule, na mnunuzi hajui kipi ni kipi mpaka afungue. Anateremka kwenye orodha, jicho linagusa kila kisanduku na kuondoka. Trela uliyoihangaikia wiki tatu, maelezo uliyoyaandika mara kumi, demo, vyote vimekaa nyuma ya hiyo picha moja.

Kava ya gemu ya kutisha ina ugumu gani ambao nyingine hazina?

Giza. Gemu ya mashamba inaweza kutandaza kijani na njano ikaonekana kutoka mbali. Sisi malighafi yetu ni kile kisichoonekana, na inabidi tukionyeshe.

Fikiria pia kava inapokaa. Ukurasa wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wenyewe una rangi ya bluu iliyokolea, karibu na weusi. Kava yenye kingo nyeusi ikiwekwa pale inayeyuka: huoni inapoanzia wala inapoishia, unaona tu kitu fulani chekundu kikielea katikati. Zaidi ya hapo, ukiingia kwenye orodha ya gemu za kutisha, majirani zako wote nao ni weusi. Na yule mtazamaji huenda anaangalia kwenye simu iliyopunguzwa mwanga, kioo kikiwa na alama za vidole. Vile vivuli vitano tofauti ulivyovipanga kwa ustadi kwenye skrini yako, kwake ni kivuli kimoja.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo halisemwi sana. Giza linalofifia polepole kwenda kwenye mwanga huharibika faili linapobanwa. Badala ya kufifia laini, unaona ngazi: mstari, mstari, mstari, kama maji yaliyokauka kwenye ukuta. Dawa yake ni kunyunyiza chembechembe kidogo juu ya sehemu zenye giza kabla ya kutoa faili. Chembechembe hizo zinavunja zile ngazi, na kwenye gemu ya kutisha hazimkeri mtu.

Nimwonyeshe dubwana au nimfiche?

Inategemea hofu yako inatoka wapi. Kuna gemu ambazo dubwana ndiye bidhaa. Five Nights at Freddy's ya mwaka 2014 ilimweka dubu wake mbele, uso kwa uso na mtazamaji, kwa sababu gemu nzima ni ya wanasesere wa mitambo wanaokuangalia. Ukiwa na kiumbe wa aina hiyo, mwenye umbo ambalo mtoto angeweza kulichora kwa kumbukumbu, mtoe mbele.

Kama hofu yako ni ya kutojua, mfiche. Ila kumficha si kumwondoa. Watu husoma ushauri wa "usionyeshe dubwana" wakaishia na picha ya korido tupu, na korido tupu haitegi kitu chochote. Lazima abaki na alama: kivuli kisicho na mwenyewe, kiti kimoja kilichogeuzwa kuelekea ukutani, nyayo zinazoingia majini na hazitoki.

Macho ni alama yenye nguvu kuliko zote. Binadamu anatafuta uso hata mahali pasipo na uso; nukta mbili za mwanga zilizo usawa mmoja zinatosha. Mtoto wa LIMBO, gemu ya mwaka 2010, ni umbo jeusi tupu lenye vinukta viwili vyeupe, na unamtambua hata akiwa mdogo kama punje.

Unaweza kuonyesha mfano, hatua kwa hatua?

Hapa ndipo inapokuja kava yangu mbaya.

Gemu ilikuwa ya fundi wa lifti anayeitwa usiku kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Kava ya kwanza niliichora mwenyewe. Korido ndefu, fundi amesimama katikati kwa mgongo, ameshika tochi. Mbele yake, mwishoni mwa korido, dubwana mrefu. Damu ukutani. Taa inayoning'inia. Sanduku la vifaa. Juu kabisa jina la gemu kwa herufi zilizochakaa. Kwenye skrini yangu kubwa ilikuwa tamu. Nilimtumia rafiki yangu kwenye simu, akajibu: "Hii ni treni?"

Hakuwa ananitania. Nikaipunguza picha hadi pikseli 120 kwa 45, nikaona alichokiona: kijisanduku cheusi chenye duara la njano katikati. Tochi ya fundi ilikuwa taa ya treni inayotoka kwenye handaki.

Nilianza upya kwa kujiuliza: katika gemu nzima, ni wakati gani mmoja ambao wachezaji wa majaribio waliachia kidhibiti cha gemu na kurudi nyuma kwenye viti vyao? Wote walitaja sehemu moja, lifti inapofunguka kidogo tu na kukwama. Basi hiyo ndiyo kava. Nikafuta korido, fundi, damu, sanduku, taa. Nikabaki na milango miwili ya chuma ya rangi ya kijivu-kijani iliyojaza picha yote, na katikati ufa wa upana wa kiganja, unaotoa mwanga wa njano iliyopauka. Kwenye ukingo wa mlango, vidole vinne vimeshika kutoka ndani.

Rasimu ya kwanza ya vidole hivyo ilikuwa kawaida: mtu amekwama, anataka kutoka. Inasikitisha, haitishi. Nikavishusha. Vidole vikahama kutoka usawa wa kifua hadi usawa wa goti, na ghafla picha ikawa na swali. Nani huyo, na amekaaje humo ndani hata vidole vyake vinatokea pale chini?

Ukiipunguza sana, vidole vinapotea. Haidhuru. Ule ufa wa njano unabaki, mstari mmoja uliosimama wima katikati ya chuma, na katika orodha ya visanduku vyekundu na vyeusi hakuna kingine chenye mstari huo. Kwa mbali unaona mstari. Ukikaribia unaona mlango. Ukikaribia zaidi unaona vidole. Nimejaribu kuzipanga kava zangu zote hivyo tangu siku hiyo: kitu kimoja cha mbali, kimoja cha karibu. Cha tatu hunishinda kukataa, na kila mara najuta.

Lazima iwe nyeusi na nyekundu?

Hapana, na kwa kweli nyekundu juu ya nyeusi ni kati ya michanganyiko dhaifu. Geuza picha iwe ya nyeusi na nyeupe utaona: nyekundu iliyokolea na nyeusi zinakuwa kijivu kimoja. Jicho linasoma kwanza mwanga na giza, rangi inakuja baadaye.

Rangi ambazo watu wanaziogopa bila kujua kwa nini mara nyingi ni zile za ugonjwa: njano ya usaha, kijani cha maji yaliyolala, waridi ya fizi, nyeupe ya taa za wodi. Little Nightmares ya 2017 ilimvalisha msichana wake koti la mvua la njano katikati ya dunia ya kahawia, na hilo koti likawa ndiyo gemu. Chagua rangi moja ya kubeba mwanga, nyingine zote zitulie.

Kuhusu mwanga wenyewe, chanzo kimoja kinatosha. Caravaggio, mchoraji wa Italia, alikuwa akifanya hivyo yapata mwaka 1600: mwanga mkali kutoka upande mmoja, na zaidi ya nusu ya turubai imezama gizani. Kama dubwana wako ni mweusi kwenye mandhari nyeusi, mpe mstari mwembamba wa mwanga begani na utosini.

Na damu?

Kidogo, au hapana. Steam inataka picha za kava zifae macho ya watu wote hata kama gemu ni ya watu wazima, kwa hiyo matumbo yaliyo wazi yatakuletea matatizo wakati wa ukaguzi. Hata bila sheria, damu kwenye kava ya kutisha ni kama chumvi baharini. Hakuna anayeiona.

Jina la gemu liandikwe vipi?

Lisomeke. Ndiyo sheria ya kwanza, na sisi watu wa gemu za kutisha ndio tunaoivunja kuliko wote. Fonti zinazochuruzika damu, zilizokwaruzwa kwa kucha, zenye nyufa: zikiwa kubwa zinapendeza, zikiwa ndogo zinageuka vumbi. Chagua herufi nene zenye umbo rahisi, kisha zijeruhi mahali pamoja tu. Herufi moja iliyopinda, moja isiyo na nusu yake, moja iliyoanguka. Majeraha kumi hayaonekani, moja linaonekana.

Liweke jina mahali palipotulia. Mchoraji akikupa picha isiyo na sehemu tulivu ya kuweka jina, hajakupa kava, amekupa bango la kubandika ukutani. Na kwenye kisanduku kidogo kabisa jina lijaze karibu nafasi yote, hata ikibidi picha ibaki kama pambo nyuma yake. Wengi hulipinga hili mpaka waone.

Kama jina lako lina maneno matano, una tatizo ambalo fonti haiwezi kulitatua.

Vipimo ni vipi?

Steam kwa sasa: kava ya kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430, ndogo, 462 kwa 174, kubwa ya ukurasa wa mbele, 1232 kwa 706, ya wima, 748 kwa 896. Hivi ni maradufu ya vile vya zamani, kwa hiyo ukikuta mwongozo unaotaja 460 kwa 215 umepitwa na wakati. Ile ndogo hupunguzwa zaidi na mfumo wenyewe hadi 184 kwa 69 na 120 kwa 45; huipakii wewe, ila ndiyo unayopaswa kuiogopa. Kwa maktaba ya mchezaji, yaani orodha ya gemu alizonazo, kuna ya wima ya 600 kwa 900, na picha pana ya 3840 kwa 1240 ambayo haitakiwi kuwa na maandishi, kwani jina huwekwa juu yake kama faili tofauti. Katika hiyo pana, kilicho muhimu kikae katikati, ndani ya 860 kwa 380, maana pembeni hukatwa kulingana na upana wa dirisha.

itch.io, duka jingine la mtandaoni la gemu, inapendekeza 630 kwa 500, na isipungue 315 kwa 250. Pale unaweza kuweka GIF inayosogea. Ukiiweka, isogee kidogo: taa iwake na kuzima, au jicho moja lifumbe. Kava inayotikisika mfululizo inachosha.

Google Play inataka aikoni ya 512 kwa 512 na picha ya matangazo ya 1024 kwa 500. Kwenye aikoni achana na jina kabisa; limeshaandikwa pembeni.

Kosa linalorudiwa ni kuchora picha moja na kuikatakata. Kava pana na ya wima hazigawani mpangilio. Ile lifti yangu kwenye kava ya wima ilikuwa rahisi, mlango ni wima. Kwenye ile pana ilibidi niuhamishe ufa upande wa kulia, jina likae kwenye chuma upande wa kushoto.

Kuna nini ambacho hakiruhusiwi kuandikwa?

Tangu tarehe 1 Septemba 2022, kava za Steam zinabeba vitu vitatu tu: mchoro wa gemu, jina lake, na jina dogo rasmi kama lipo. Nyota za wahakiki, majina ya tuzo, "punguzo", "imetoka sasa", matangazo ya gemu yako nyingine, vyote marufuku. Ukiwa na sasisho kubwa unaweza kuweka kava ya muda yenye maneno ya sasisho hilo, kwa kipindi kisichozidi mwezi, na maneno hayo yatafsiriwe kwa lugha ambazo gemu yako inazihudumia.

Mimi naiona sheria hii kuwa neema kwa wadogo. Zamani wenye tuzo walizibandika mpaka jina la gemu halionekani.

Naweza kutumia picha ya skrini ya gemu yenyewe?

Mara chache inafaa. Picha ya skrini ilipangwa ili mtu acheze: ina nafasi ya kutembea, ina vitu vya kugusa, haina mahali pa jina. Hata hivyo mandhari ya gemu ni chanzo kizuri. Simamisha kamera, ondoa vialama vya skrini, panga upya taa kama fundi wa studio, piga kwa ukubwa mkubwa, kisha paka rangi juu yake kwa mkono.

Gemu yangu ina grafiki za pikseli kubwa za mtindo wa PlayStation ya kwanza. Kava iwe hivyo pia?

Kava iseme ukweli kuhusu ladha, haihitaji kunakili kila pikseli. Ukiweka mchoro laini wa kifahari halafu mtu akafungua akakuta maumbo yenye kona kali na tekscha (picha zinazofunika maumbo) zinazotetemeka, atahisi amedanganywa hata kama angeipenda gemu. Kinyume chake, wapenzi wa mtindo huo wanautafuta kwa macho, na kona hizo kwenye kava ni ishara kwao. Tumia maumbo ya gemu, ila jina liandike safi.

Ukweli huo ni wa aina ya gemu pia. Fundi wangu hana silaha. Ningemchora na nyundo ameinyanyua, ningepata wanunuzi waliotaka kupigana, na baada ya saa moja wangeomba warudishiwe pesa.

Nichore mwenyewe au nimtafute mchoraji?

Kama bajeti yako ina nafasi ya kulipia kitu kimoja tu, lipia hiki. Kabla ya kumwandikia mchoraji, mwandalie sentensi moja ya swali ambalo kava inatakiwa kulitega, dakika mbili za video ya gemu, kava tano ambazo yako itakaa jirani nazo, na orodha ya vipimo. Usimwandalie orodha ya vitu kumi na vitano vya kuingiza. Mtaka yote hukosa yote.

Omba kwanza rasimu tatu ndogo za nyeusi na nyeupe, ndogo kweli, za ukubwa wa stempu. Kwenye stempu ndipo unapochagua. Ukisubiri mchoro ukamilike utaona aibu kusema haufai. Mkataba utaje kwa maandishi kwamba una haki ya kutumia mchoro kibiashara na kwamba utapewa faili lenye leya, dubwana, mandhari na jina vikiwa mbalimbali. Bila leya, kila kipimo kipya kitakurudisha kwa mchoraji. Niliwahi kupewa faili moja bapa na studio moja. Kuutoa mkono kutoka kwenye mlango kulinichukua wikendi nzima.

Na akili mnemba?

Tangu Januari 2024 Steam huwauliza watengenezaji kuhusu maudhui yaliyotokana na akili mnemba, na jibu lako huonekana kwenye ukurasa wa gemu. itch.io nayo ina sehemu ya kutangaza hilo. Nje ya hayo, maoni yangu: mashine hiyo inakupa wastani wa kava zote za kutisha zilizopo, na kava ya wastani ndiyo hasa tunayoikimbia. Pia wachezaji wa gemu za kutisha wanahesabu vidole. Vya kava yangu vilikuwa vinne kwa makusudi, na bado niliulizwa.

Nitajuaje kama kava inafaa?

Kabla ya kuipakia: ipunguze hadi 120 kwa 45. Ifanye nyeusi na nyeupe. Finya macho. Kisha piga picha ya skrini ya orodha halisi ya gemu za kutisha dukani, bandika yako katikati, mwonyeshe mtu kwa sekunde mbili na uifiche. Usimwulize "umeipenda?", kwa sababu atasema ndiyo. Mwulize ameona nini. Akisema "mlango", uko vizuri. Akisema "treni", unajua la kufanya.

Baada ya kuipakia, takwimu za Steam zinakuonyesha kava imeonekana mara ngapi na imebofywa mara ngapi. Linganisha majuma mawili kabla na mawili baada, na usibadilishe kingine chochote katika kipindi hicho. Uangalie pia yasiangukie kwenye msimu wa punguzo au tamasha la demo, maana wageni wa siku hizo ni watu wengine kabisa. Na kama bofyo zinaongezeka lakini hakuna anayeiweka gemu kwenye orodha ya matamanio, kava imeahidi kitu ambacho ukurasa hauna.

Gemu imeshatoka. Nimechelewa kubadilisha?

Hujachelewa. Ya lifti niliibadilisha miezi mitano baada ya kutoka, na wageni walianza kuingia ambao awali walikuwa wakiipita. Malalamiko yalitoka kwa wachezaji wa zamani: walikuwa hawaioni tena gemu kwenye maktaba zao, macho yao yalizoea ile korido. Siku hizi nabadilisha za dukani kwanza, ile ya maktaba naiacha ikae miezi kadhaa zaidi. Mmoja aliniandikia kuomba ile ya treni irudi.